Siku ya 14 Haimfai Kila Mtu

SWALI: Hamjambo wahariri. Mimi na mume wangu hatutaki mtoto wa pili kwa sasa. Miezi sita iliyopita mizunguko yangu ilikuwa ya siku 28, 25, 30, 27, 33 na 29. Tunaepuka siku ya 12 hadi ya 16 tu, maana tuliambiwa yai hutoka siku ya 14. Tuko salama?
Mama wa mmoja, Nyalenda, Kisumu

JIBU: Hapana, dada. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi ijayo, si baada ya hedhi iliyopita. Katika ule mzunguko wa siku 25 huenda lilitoka siku ya 11. Katika wa 33, siku ya 19. Na mbegu za mwanamume zinaweza kukaa hadi siku 5 zikilisubiri, ingawa yai lenyewe halimalizi siku moja.

Hesabu ni hii: mzunguko mfupi kuliko yote toa 18, yaani 25 − 18 = 7. Mrefu kuliko yote toa 11, yaani 33 − 11 = 22. Siku zako za kushika mimba ni ya 7 hadi ya 22. Ndiyo, siku 16 nzima! Hiyo ndiyo gharama ya mzunguko unaorukaruka. Siku ya 1 ni damu inapoanza kutoka sawasawa, si matone ya kwanza wala siku inapokauka. Wengi hupotelea hapo. Shanga za kuhesabia siku za mzunguko hazikufai, kwani ni za mizunguko ya siku 26 hadi 32, nawe umetoka nje mara mbili.

Ongezea kuangalia ute wa ukeni kila uendapo msalani. Ukiteleza na kuvutika kama ute wa yai bichi, yai li karibu. Shahawa za jana au maambukizi ukeni yatakudanganya.

Kupima joto asubuhi kabla ya kuinuka kitandani husaidia pia, ila kiwango hupanda nyuzi 0.2 hadi 0.5 yai likishatoka, na huko kwenu homa moja ya malaria huvuruga chati nzima.

Kama bado unanyonyesha, au uliacha sindano ya kuzuia mimba majuzi, usiitegemee hesabu hii kwanza. La sivyo, siku ya 7 hadi ya 22 tumieni kondomu. Ikipasuka, meza P2, dawa ya dharura ya kuzuia mimba, mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita.