Pampu ya klorini inayoziba kila wiki: tulivyofanya Tanga

Mkuu, umesema pampu ya dozi ya klorini, ile inayotia dawa kwenye maji kidogo kidogo, hapo Bagamoyo mnaifungua kila wiki kwa kuziba, na viungo vya bomba havikauki kwa kuvuja. Mimi nilihangaika na hayo hayo miaka minne, kwenye mtambo mdogo wa maji wa kiwanda huku Tanga. Usinunue daiframu nyingine kwanza, ule utando wa pampu unaosukuma dawa. Nenda kaangalie pipa mnalokorogea.

Klorini ya unga haiyeyuki yote. Ndani yake mna chokaa, na chokaa huzama taratibu. Sisi tulikuwa tukikoroga asubuhi na kuwasha pampu papo hapo, bomba la kufyonzea limegusa kitako cha pipa. Nilipofungua vali ya pampu nilikuta kigololi chake cha kufungua na kufunga njia kimeganda kama kilichopigwa plasta. Pampu inagonga tik tik, kumbe haisukumi kitu. Tukaweka mapipa mawili: moja linatuama usiku kucha, jingine linatumika, na mdomo wa bomba tukaupandisha shubiri moja kutoka chini. Kuziba kukapungua sana.

Baadaye tukahamia pampu ya mpira. Ndani yake vigurudumu vinaukamua mpira kama unavyokamua mbuzi. Dawa haigusi kitu kingine, na vali zinazozibika hamna. Chukueni kubwa kuliko hesabu yenu muizungushe polepole, kwa sababu mpira huchoshwa na mizunguko. Saa za kazi ziandikwe ukutani, mpira ubadilishwe kabla haujapasuka, maana ukipasuka dawa inajaa kwenye kichwa cha pampu.

Kuhusu kuvuja: kiungo chenye ukoko mweupe kinavuja, hata kama huoni tone. Sisi tulihamisha sehemu ya kuingizia dawa, kutoka bomba kuu lenye presha hadi maji yanapoingilia tanki la maji safi. Presha ilipoondoka viungo vikakauka, na klorini ikapata nusu saa yake ya kuua vijidudu kabla maji hayajatoka. Union, vile viungo vya kufungua na kufunga bomba kwa nati, zisizo na kazi zing'oeni.

Jambo moja nakuomba sana. Msisafishe ukoko kwa asidi wala siki kabla ya kusuuza kwa maji mengi, na ndoo ya shabu, ile dawa ya kutuamisha tope la maji, isiguse klorini. Vikikutana hutoka gesi ya klorini. Kijana wetu mmoja alimimina asidi kwenye vali ambayo haijasuuzwa, nikamtoa nje nimemshika mkono, haoni mbele kwa machozi. Alikohoa wiki nzima. Tangu siku ile asidi inakaa chumba cha peke yake, na ufunguo ninao mimi.