Ukipangiwa kuandika mihtasari ya vikao, usinune

Naandika hii kwa wadogo zangu mlioajiriwa juzijuzi vyuoni na maofisini serikalini, maana nawasikia sana mkilalamika kwamba mmesoma weee mpaka digrii ya pili halafu mnaishia kuandika mihtasari na kusaka mafaili masijala. Mie nimekaa sekretarieti ya chuo miaka mingi na nawaambia kabisa, hapo ndo mnapoiva.

Mwangalieni mzee Pius Msekwa wa Ukerewe. Katoka Makerere, mwaka 1962 akawa Katibu wa Bunge, yaani yule anayekaa mezani mbele ya Spika kuhakikisha kanuni zinafuatwa na kumbukumbu zinaandikwa huku wengine ndo wanaongea na kupigiwa makofi. Mwaka 1970 Mlimani pale ikazaliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam baada ya kile cha Afrika Mashariki kugawanywa, Nyerere akawa mkuu wa chuo na Msekwa makamu mkuu wa chuo wa kwanza, yaani mtendaji wake mkuu, umri miaka 35 tu, akakiendesha mpaka 1977. Na mwaka 1994 akakikalia kile kiti cha Spika chenyewe, akaongoza Bunge mpaka 2005, tena baada ya uchaguzi wa 1995 wapinzani wakiwa wameshaingia ndani, na hapo bila kanuni kichwani wanakuchanganya asubuhi tu.

Sio kwamba Mlimani kulikuwa raha. 1971 rais wa wanafunzi, Akivaga, Mkenya, alimwandikia Msekwa barua ya wazi kulalamikia uongozi, FFU, wale polisi wa kutuliza ghasia, wakaja kumchukua, akafukuzwa chuo, wanafunzi wakachachamaa. Mie kwa maoni yangu lile sakata kila anayefanya kazi chuoni alisome, kwa sababu mwanafunzi hakurupuki na barua ya wazi, mara nyingi anakuwa kashaandika za kawaida hazijajibiwa.

Na hapo ndo wewe wa mafaili una nguvu kuliko unavyodhani. Kuna kipindi wanafunzi waliandika kuhusu maji hosteli, barua ikagongwa muhuri wa kupokelewa, ikapewa namba ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya faili, kisha ikalala kwenye trei ya bosi. Niliandika dokezo la mistari miwili, folio 14 haijajibiwa na rasimu ya jibu hii hapa, nikalipandisha. Akasaini siku hiyohiyo. Angekuwa kaletewa lawama tupu asingesaini, watu wa juu wana karatasi nyingi mno, mpelekee jibu limeshaandikwa.

Kingine, kwenye yatokanayo, ile sehemu ya muhtasari inayofuatilia mambo ya kikao kilichopita, usiandike "suala linafanyiwa kazi", hiyo haina maana yoyote jamani. Andika cheo cha mhusika na tarehe, halafu siku chache kabla ya kikao mpigie mmojammoja simu umuulize kafikia wapi. Wataona unawasumbua mwanzoni, baada ya muda watakuwa wanakupigia wao.