Maji Yaliyochacha Ndiyo Yaliyowafukuza Ndege Wangu

Mwaka wangu wa kwanza hapa Houston, Texas, nilinunua chupa ya kulishia ndege wavumaji (hummingbird kwa Kiingereza) pamoja na pakiti ya unga mwekundu wa kukoroga, nikaitundika juani nje ya dirisha la jikoni. Walikuja wawili. Haikupita wiki, wakapotea. Nilipoishusha, maji yalikuwa yamechacha na vitundu vya kunywea vimeota ukungu mweusi. Iliniuma sana.

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tukimwona ndege huyu mara ya kwanza husema ni chozi. Wanashabihiana, lakini si wa ukoo mmoja. Mvumaji yuko bara la Amerika tu. Chozi hupenda kutua tawini ndipo anyonye ua. Mvumaji hunyonya akiwa hewani, mabawa yakipiga mara 50 hivi kwa sekunde. Huyu tunayemwona zaidi hapa, ambaye dume lake lina koo jekundu, ana uzito wa gramu 3 hivi. Kwa mwili mdogo hivyo, chakula kibovu ni hatari kubwa.

Kipimo cha maji yao matamu ni kikombe 1 cha sukari nyeupe kwa vikombe 4 vya maji. Koroga kwenye maji ya moto, acha yapoe kabisa. Usitumie asali, inachacha upesi na kuotesha ukungu. Sukari guru na ya kahawia pia hazimfai. Rangi nyekundu usitie kabisa. Wekundu wa chupa yenyewe unatosha kumwita. Yanayobaki yakae kwenye friji, mimi siyapitishi wiki.

Kazi yenyewe hasa ni usafi. Joto likipita nyuzi 32 za Selsiasi nabadilisha maji kila siku. Siku za baridi, mara mbili kwa wiki. Naosha kwa maji ya moto na brashi. Nikiona doa jeusi naloweka kwa siki iliyochanganywa na maji, kisha nasuuza mpaka harufu iishe. Najaza kidogo tu, kwani mengi nitayamwaga, na chupa sasa iko kivulini.

Sisimizi wakikusumbua, tundika kikombe cha maji juu ya chupa ili wasivuke. Usipake mafuta: yakishika manyoya ya ndege, hawezi kuyatoa.

Dume mmoja anaweza kuikalia chupa na kuwafukuza wenzake kutwa nzima. Weka ya pili upande mwingine wa nyumba, asikoweza kuiona.

Lakini jirani yangu, bibi wa Kimeksiko anayewaita chuparrosa, hana chupa hata moja na ndege wake ni wengi kuliko wangu. Amepanda salvia nyekundu na Malvaviscus, ua jekundu la jamii ya haibiskasi ambalo halifunguki lote. Alinikatia kipande, kikashika vizuri chini ya mti. Mmea huu ni wa asili ya Texas, unavumilia kivuli, na unachanua toka kiangazi hadi vuli, wakati wavumaji wanapopita kwenda kusini. Bibi huyo hapulizi dawa ya wadudu, nami niliacha. Wavumaji hula vidudu na buibui, makinda hulishwa hivyo hivyo, na jike hushikizia kiota chake kwa utando wa buibui. Kwa hiyo utando wa pembeni mwa kibaraza siufagii tena.

Septemba utasikia watu wakisema shusha chupa, utawachelewesha safari. Si kweli. Kinachowaondoa ni mchana kufupika, na wanahitaji mafuta mwilini: baadhi yao huvuka Ghuba ya Meksiko bila kutua.

Mimi siishushi hata baada ya hapo, kwa sababu wavumaji wachache wa aina nyingine hukaa pwani hii majira ya baridi. Januari iliyopita alinijia mmoja wa rangi ya kutu. Usiku wa baridi kali nilikuwa naiingiza chupa ndani isigande, na kabla ya kupambazuka naitundika tena. Kila asubuhi nilimkuta ameshafika, ametua kwenye waya, ananisubiri.