Jarida la shule kutoka kwenye tovuti hadi karatasini

Mwalimu, umeuliza namna ya kuzitoa habari za tovuti ya shule kwenye karatasi kwa ajili ya wazazi wasio na simu janja. Usichapishe moja kwa moja kutoka kwenye kivinjari; utaletewa menyu, vitufe na "soma zaidi" katikati ya habari ya mahafali. Nakili, bandika kama maandishi matupu kwenye Word au LibreOffice, kisha panga upya kwa safu mbili.

Picha ndizo zitakazokutoa jasho. Za tovuti huwa zimeshapunguzwa: yenye upana wa pikseli 800, ukiichapa kwa nukta 300 kwa inchi (kiwango cha kawaida cha uchapaji safi), inafikia sentimita 7 hivi tu. Ukiivuta ijaze ukurasa, sura zinageuka ukungu. Yalinikuta hayo, na mkuu wa shule hakujitambua kwenye jalada! Mwombe aliyepiga akupe picha asilia, na kwa WhatsApp azitume kama faili, maana zikitumwa kama picha zinabanwa.

Karatasi ya A3 ikikunjwa katikati inatoa kurasa 4 za A4, kwa hiyo lenga 4 au 8. Tano itakuachia kurasa tupu.

"Bofya hapa" mzazi ataibofya kwa kidole gani? Badala ya viungo vya tovuti, andika tarehe, kiasi cha ada au fomu inakopatikana.

Peleka stesheneri PDF, siyo faili la Word, fonti zisije zikahama. Toa nakala moja kwanza, uisome ukiwa na kalamu nyekundu.