Maswali ya Wasomaji: Picha inaweza kuingilia kompyuta?

SWALI: Nina duka la stesheni, nachapa picha za paspoti. Wateja huleta picha kwa flashi au barua pepe, na siku hizi nyingi ni .webp. Fundi mmoja anasema picha haiwezi kuleta kirusi maana si programu. Mwingine anasema kuifungua tu kunatosha, hivyo kwanza nibadili jina iwe .jpg. Nimsikilize yupi?
Mwenye duka, Mwanza

JIBU: Wa pili ameijua hatari, ila dawa yake haitibu. Picha si programu, kweli, lakini kinachoisoma ni programu, na programu huwa na makosa.

Tazama yaliyotokea Septemba 2023. Maktaba ya libwebp (msimbo wa pamoja), inayotumiwa na vivinjari na programu nyingi kufungua WebP, iligundulika kuwa na udhaifu uliopewa namba ya utambulisho CVE-2023-4863. WebP isiyopoteza ubora hubanwa kwa misimbo ya Huffman (data inayojirudia sana hupewa msimbo mfupi), na urefu wa kila msimbo huandikwa ndani ya faili yenyewe. Libwebp ilitenga kumbukumbu ya kutosha misimbo halali tu. Mshambuliaji akiweka urefu usio halali, jedwali la kusomea misimbo hiyo linafurika na data inaandikwa juu ya kumbukumbu ya jirani kabla ukaguzi haujafanyika. Mara nyingi programu huzima ghafla, basi. Lakini mjuzi anaweza kupanga kitakachoandikwa pale hadi amri zake zitekelezwe.

Kubadili jina hakufui dafu, kwa sababu programu nyingi hutambua picha kwa baiti za mwanzo: RIFF, kisha baiti nne za ukubwa, kisha WEBP. Hata kijipicha unachokiona kwenye folda kimeshasomwa kabla hujabofya chochote.

Kinachofaa ni kusasisha. Kwenye Chrome bonyeza nukta tatu, Usaidizi, halafu Kuhusu Google Chrome. Kiraka (marekebisho ya udhaifu huo) kilikuja na toleo 116.0.5845.187. Kwenye Firefox ni 117.0.1. Usisahau kuzindua kivinjari upya, maana toleo la zamani huendelea kufanya kazi hadi ukifunge. Ukiwa bado na Windows 7, Chrome ilikuacha kwenye toleo la 109, lakini Firefox ESR (toleo linalotunzwa kwa muda mrefu) ilitiwa kiraka kuanzia 115.2.1.

Kivinjari si mwisho wa kazi. Programu nyingi hubeba nakala yao ya libwebp. Fungua dirisha la amri uandike:

where /r C:\ *webp*.dll

Folda zitakazotajwa zitakuonyesha programu za kusasisha (usifute faili hizo, programu zitagoma). Zilizojengwa kwa Electron (mfumo wa kutengeneza programu za kompyuta kwa teknolojia ya kivinjari) hazitaonekana hapo kwa sababu maktaba imeunganishwa ndani kwa ndani. Hizo zisasishe moja moja.

SWALI: Tovuti yetu hupokea picha na kuzipunguza kwa Pillow, maktaba ya picha ya lugha ya Python. Je, kuziandika upya hakuzisafishi?
Msanidi, Nairobi

JIBU: Kunaondoa takataka zilizofichwa ndani ya faili, lakini ili kuiandika upya lazima kwanza uisome, na madhara hutokea wakati huo wa kusoma. Kukagua aina ya faili pia hakuzuii, kwani WebP yenye hila ina kichwa sahihi kabisa.

Endesha python3 -m PIL utazame mstari wa WEBP: unatakiwa uwe 1.3.2 au zaidi. Pillow 10.0.1 iliyosakinishwa kwa pip (kisakinishi cha Python) ndiyo ya kwanza kubeba toleo hilo. Ikiwa Pillow yako inatumia libwebp ya mfumo, usihukumu kwa namba peke yake. Mfumo wa Debian 12, kwa mfano, ulibaki na 1.2.4 na kutia kiraka humo humo. Soma namba kamili ya kifurushi, iwe 1.2.4-0.2+deb12u1 au ya baadaye.

Kisha hamishia kazi ya kupunguza picha kwenye kontena lake (mazingira yaliyotengwa na programu nyingine), lisilo na nywila za hifadhidata wala njia ya kutoka kwenda intaneti, na liwe na kikomo cha kumbukumbu. Kama WebP hamzihitaji, zikataeni kwa kuita Image.open(f, formats=["JPEG", "PNG"]).