Maswali na Majibu: Bomba la Shaba Lenye Utambi

*Shikamoo fundi. Nimepasua lile bomba bapa la shaba la kupoza laptopu, linalosemwa lina maji ndani, kwenye laptopu mbovu. Sikuona maji, ni unga wa shaba tu umeganda ndani. Hayo maji ni porojo? – Msomaji, Likoni*

Marahaba. Maji yamo, ila ni matone machache na umeyaachia. Bomba hutolewa hewa kabla ya kuzibwa, kwa hiyo maji yake hayangoji nyuzi 100. Hata kwenye 40 yanachemka. Yakipata moto wa prosesa, ile chipu kuu ya laptopu, yanakuwa mvuke, mvuke unakimbilia upande wa feni, unapoa, unarudi maji. Inua mfuniko wa sufuria ya wali uone jasho lake, ni mambo yale yale. Na huo unga ndio utambi: unayavuta maji yarudi kwenye moto, kama utambi wa taa ya chemni unavyopandisha mafuta.

Mbona tone dogo litoshe? Gramu 1 ya maji ikigeuka mvuke inabeba jouli (kipimo cha nishati) zaidi ya 2,200 za joto, na inarudi kazini tena na tena. Mmarekani George Grover alipotengeneza bomba hili kwenye maabara ya Los Alamos mwaka 1963 alikuwa akiwazia vyombo vya angani, wala si laptopu.

*Inverta yangu ya sola ina mabomba hayo, lakini Kaskazi hii inazima kila saa nane mchana. – Kongowea*

Bomba linahamisha joto tu. Kama inverta iko kwenye kibanda cha mabati chenye nyuzi 45, hakuna bomba litakaloishusha chini ya hapo. Ihamishie ukuta wa kivulini. Kisha izime, ngoja kapasita, vile vipande vinavyohifadhi umeme, zimalize chaji, utazame mapezi ya alumini, yale mabati membamba ya kutolea joto. Niliyofungua juzi, ya nyumba iliyo karibu na ufuo, mapezi yalikuwa yamezibwa na chumvi na vumbi, gumu kama ukoko. Brashi kavu ya rangi ilitosha, maji usitie.

*Amplifaya ya matatu yetu imefungwa kichwa chini, sasa inaunguza mkono. Ni bomba?*

Huenda. Utambi unaweza kupandisha maji, ila kwa taabu. Upande wa moto ukae chini. Na yapo mabomba yasiyo na utambi kabisa. Hayo ukiyapindua, kazi imekwisha.

*Naweza kulikunja?*

Kona pana, taratibu, sawa. Likibonyea, mvuke hauna njia. Ila usilichomelee kwa moto wa gesi: maji yamefungiwa humo, na linaweza kukupasukia usoni.