Maswali yenu: kwa nini kesi za ubakaji zinakufa mahakamani?

Maswali ya safari hii karibu yote yanauliza ushahidi wa ubakaji. Nimechukua manne, majina nimeacha.

Shikamoo dada. Binti yangu ana miaka 15, kafanyiwa unyama juzi usiku, nikamwogesha na nguo nikafua maana alikuwa anajionea kinyaa. Jirani anasema nimeshaharibu kesi. (Mama, Unga Ltd, Arusha)

Marahaba, na pole sana mama, usijilaumu hata kidogo. Kweli kuoga na kufua kunapunguza alama ambazo daktari au Mkemia Mkuu angezikuta ila kesi haijafa, kwa sababu ushahidi mkubwa kwenye kesi hizi ni maneno ya aliyetendewa mwenyewe, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema hivyo 2006 na inarudia mpaka leo, na Sheria ya Ushahidi inaruhusu mtu atiwe hatiani kwa maneno ya mwathirika peke yake mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli. Kwa hiyo toka sasa hivi, nendeni dawati la jinsia na watoto pale polisi mpewe PF3 (fomu ya polisi ya kupeleka hospitali) kisha hospitali ya Mount Meru. Dawa za kuzuia VVU mwisho saa 72 na zinahesabiwa toka tukio lilipotokea, kwa hiyo kama muda unawabana wahini hospitali, ndugu mwingine akimbilie polisi. Halafu tafuta cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki!! Watu wanapuuza hili na kesi zinaanguka kwa sababu tu hakuna aliyethibitisha umri wa mtoto. Kama karatasi hakuna, wewe mzazi unaweza kusimama mahakamani ukautaja.

Na wengine mnaosoma, likitokea msioge, msifue, nguo wekeni kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, sio nailoni, maana zikipata unyevu zinaoza na alama zinapotea.

Yani demu akisema tu kabakwa, hana hata jeraha, mtu anakula miaka 30 jela? Si tutaisha wanaume? (Bodaboda, Kwa Mrombo)

Hafungwi mtu kwa kusema tu kaka. Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, inatakiwa ithibitishe bila kuacha shaka kwamba aliingiliwa, hata kidogo tu inatosha, kwamba hakuridhia (chini ya miaka 18 kwa kawaida ridhaa haihesabiki) na kwamba aliyefanya ni wewe. Jeraha sio lazima, sheria imesema wazi toka 1998, na ni sawa kabisa kwa sababu mtu mwenye hofu anaganda, hapigani. Lakini maneno yake yanapimwa, anahojiwa na upande wako, hakimu anaangalia alikutaja lini na kwa nani na kama habari yake haipishani. Ukisingiziwa usimfuate kumtisha wala usihonge mtu. Kama hukuwepo eneo la tukio, toa taarifa ya utetezi huo mapema kabla kesi haijaanza kusikilizwa na uwataje uliokuwa nao.

Aliyenibaka ni shemeji, ndo anatulisha. Nimekaa kimya miezi kadhaa, nitaaminika kweli? (Pasua, Moshi)

Unaweza kuaminika mdogo wangu. Kuchelewa kunaleta maswali, sikufichi, mahakama itataka sababu na wewe unayo: alikutisha, au ungelala wapi, useme hivyohivyo bila kupamba. Yule uliyemwambia mara ya kwanza, hata kama ni rafiki wa saluni, ni shahidi. Meseji zake za WhatsApp usifute hata moja, usibadilishe simu, ushahidi wa kielektroniki unapokelewa mahakamani. Na usiogope mahakama kujaa watu, ushahidi wa kesi hizi unatolewa faragha na magazeti hayaruhusiwi kuuandika.

Wazee wa ukoo wamekaa, upande wa pili wametoa mbuzi na hela, wanataka tufute kesi ya mtoto wetu aliyebakwa. (Baba, Kiboriloni)

Mzee wangu, shikamoo, nakuomba sana usikubali. Kesi ni ya Jamhuri, sio ya ukoo, na hapo ndipo zinapofia nyingi, sio maabara. Mtoto anapelekwa kwa bibi Rombo, shahidi ghafla anaumwa, tarehe zinapita, mwisho jalada linafungwa halafu mtaani wanasema ushahidi haukutosha wakati ulikuwepo ila umefichwa na watu wazima waliogawana nyama! Rudisheni hivyo vitu mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na mpelelezi aambiwe leo nani amevileta. Kama wanamtisha mtoto piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Na siku ya kesi umpeleke wewe mwenyewe mpaka mlangoni mwa mahakama.